Nyuki Aliyetulia Kuliko Wagonjwa Wote

Baba yangu aliwahi kumwonyesha daktari wa meno kadi nyekundu.

Sisemi kwa mafumbo. Kadi yenyewe kabisa. Aliichomoa kwenye mfuko wa shati, akanyoosha mkono juu, akamkazia macho daktari, halafu akashuka kwenye kiti na kutembea hadi barabarani akiwa bado amefungwa ile karatasi ya kifuani.

Kosa la daktari lilikuwa kushika sindano.

Mimi nilikuwepo. Ndimi niliyekuwa nimeshika bomba la kunyonya mate.

Kabla hamjacheka, ngoja niwaeleze tulifikaje hapo, maana kisa chenyewe kilianza na nyuki.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Kazi yangu ni kupanga vifaa, kunyonya mate, kuwaambia watu "haitauma" na kupiga picha za meno kabla na baada ya matibabu. Kliniki ina kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, na mbele ya lenzi kuna taa ya duara. Jino moja la nyuma linajaa kioo kizima. Ukiliona hivyo, hamu ya biskuti inakuishia.

Daktari, ambaye ndiye bosi wangu, huniruhusu kuibeba kamera nyumbani mwisho wa wiki. Sharti lake ni niifute vizuri kabla ya kuirudisha. Hataki kukuta chavua mahali panapotakiwa kuwa na mate.

Nyumbani tuko wawili tu, mimi na baba. Mama alishatangulia mbele ya haki. Kaka zangu wana miji yao. Nikifungua mlango jioni na kusema "nimerudi," baba ndiye anayeitikia, na hakuna mwingine. Nalisema mapema ili mkiona nilivyohangaika mbele ya safari mjue sikuwa na wazimu.

Baba alikuwa refa wa mpira. Mtaa mzima unamwita Refa hadi leo, hata wale wasiojua mpira una pande ngapi.

Alipostaafu alipanda maua mbele ya nyumba, na bustani anaiongoza kama uwanja. Kila tuta limepigwa mstari wa chokaa. Ua likivuka mstari linakatwa. Hana mjadala.

Na uamuzi wake ni wa mwisho. Kuna siku alitoa penalti ambayo hata timu iliyopewa ilisema hapana, Refa, hii si penalti. Wakaipiga nje kwa makusudi. Akaamuru irudiwe.

Huyo ndiye mzazi wangu.

Basi, kila Jumapili asubuhi mimi nalala kifudifudi kwenye bustani ya Refa na kamera ya kliniki, natafuta wadudu. Jirani mmoja alishawahi kumuuliza baba kama nimeanguka.

Wadudu ni wagonjwa wabaya sana. Nzi anakaa vizuri mpaka uweke jicho kwenye kamera. Kipepeo anasubiri ubane pumzi ndipo aondoke. Nyuki ndio usiseme. Nina picha nyingi za makalio ya nyuki kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Tatizo ni kwamba ukisogea karibu kiasi hicho, kamera inaona vizuri sehemu nyembamba mno. Jicho likiwa safi, bawa linakuwa ukungu. Bawa likiwa safi, jicho limepotea. Dawa yake ni kupiga picha nyingi za kitu kilekile, kila moja ikichukua sehemu yake, kisha kompyuta inaziunganisha kuwa picha moja iliyo safi kotekote.

Lakini kwa hilo lazima mdudu atulie. Na wadudu hawatulii.

Kila nyuki akinitoroka, baba anapiga kelele kutoka kibarazani akiwa na kikombe chake cha chai.

"Umeotea!"

Nimezoea.

Sasa, Jumapili moja nikamkuta nyuki kwenye ua la alizeti fupi ya mapambo. Amekaa pembeni, penye petali, uso umeelekea kwangu. Nikasogea. Hakuruka. Nikasogea tena mpaka lenzi ikakaribia kumgusa. Kimya.



"Tulia hivyohivyo, mama," nikamnong'oneza, maana huwa naongea nao kama wagonjwa. "Haitauma."

Akatulia. Nilipiga jicho la kulia, nikapiga la kushoto, nikapiga vinyweleo vya kifuani, mabawa, chembe za chavua miguuni, petali, kila kitu. Karibu nusu saa nzima. Katika kazi yangu yote, kwa watu na kwa wadudu, sijawahi kupata mgonjwa mwelewa kiasi kile.

Nikamaliza nikamshukuru. Kweli kabisa, nilimwambia ahsante.

Picha ilipounganishwa kwenye kompyuta, nilibaki nimekodoa macho. Niliikata upande wa chini kidogo ili nyuki akae katikati, nikaitupia mtandaoni na kuandika: "Nyuki huyu kajilaza kidogo kwenye ua. Na wewe leo jipumzishe."

Jamani. Watu walivyoipenda!

Mmoja aliandika kwamba ameiangalia na kulia. Mwingine alisema ameomba likizo kazini kwa sababu ya yule nyuki. Wakaisambaza hadi ikanirudia kwenye kundi la familia, imetumwa na shangazi yangu asiyejua kwamba ni ya kwangu.

Baba naye akaiweka kwenye simu yake. Kila mgeni akija, anaonyeshwa.

"Unaona? Kwenye uwanja wangu hata nyuki analala," anasema. "Maana pana utaratibu."

Ikapita miezi. Halafu jino likaanza.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Baba hakusema. Nilimgundua kwa kuwa alianza kutafuna upande mmoja na kuongea kidogo, na kwa mtu aliyezoea kupuliza filimbi, hiyo si dalili nzuri. Akawa anasukutua maji ya chumvi akijifungia bafuni. Alfajiri nasikia anaguna.

Nilimbembeleza hadi akakubali kuja kliniki. Mengine mnayajua. Sindano, kadi, barabara.

Watu wa kliniki walinionea huruma kwa muda, kisha wakaanza kunicheka. Kila nikichelewa kazini, mtu wa mapokezi ananinyooshea mkono juu.

Baada ya kadi, baba aliteseka kama wiki mbili hivi, akinuna ukimwuliza.

Halafu asubuhi moja akatoka chumbani anang'aa. Akachukua karoti mbichi jikoni, akasimama mbele yangu, akaing'ata kwa upande uleule wa kushoto. Kwa kishindo. Huo ulikuwa ushahidi.

"Limelala," akasema.

"Nini kimelala?"

"Jino. Haliumi hata kidogo. Nilikuambia, ukitulia mambo yanaisha yenyewe."

"Baba, jino halilali."

Akatoa simu, akanionyesha picha yangu mwenyewe.

"Mbona huyu alilala?"

Unamjibuje mtu anayekupiga na picha yako?

Nilifika kazini nimefurahi, nikamweleza daktari. Alikuwa anapanga koleo zake kwenye trei. Akasimama.

"Yameacha ghafla? Yenyewe?"

"Ndiyo, daktari. Ametafuna karoti."

"Hiyo si habari njema," akasema. "Mshipa wa ndani umekufa, ndiyo maana hasikii kitu. Lakini uozo haujafa. Uko chini ya mzizi, unakula mfupa polepole. Siku ukipata njia ya kwenda shingoni, hatutakuwa tunaongelea jino tena."

"Tutakuwa tunaongelea nini?"

Akaenda kunawa mikono ambayo alikuwa ameshanawa.

Niliingia chumba cha kuhifadhia glavu nikalia. Sikujifanya nina mafua. Nililia kwa sababu niliogopa kumpoteza baba yangu kwa ajili ya gego, na yeye mwenyewe anatafuna karoti.

Nilihangaika kila njia. Niliomba. Nilinuna. Niliwapigia kaka zangu simu, nao mmoja baada ya mwingine wakampigia. Kila mmoja alipata jibu hilohilo.

"Mechi imeisha."

Wakati huohuo mimi namwona akiwa amekaa kibarazani, upande wa kushoto wa taya umeanza kujaa. Nikamwambia. Akasema amenenepa.

Sehemu moja tu?

Sehemu moja tu.

Kipindi hicho daktari alikuwa anakarabati chumba cha kusubiria. Ukuta mmoja ulikuwa mtupu, mkubwa, na wagonjwa walikuwa wanakaa wakiutazama huku wakisikia mashine ikilia ndani. Wengine walikuwa wanaondoka kabla hawajaitwa. Siku moja akaniita.

"Nataka yule nyuki wako," akasema. "Ukuta mzima. Watu wanaingia hapa wanatetemeka. Wakimwona alivyotulia, na wao watatulia."

Nilifurahi sana, nisiwadanganye. Nikafungua ile picha kamili, ile ambayo sikuikata, nikalivuta jicho la nyuki karibu. Safi kabisa. Nikampelekea fundi wa mabango akaichape. Hakuna kingine nilichokagua.

Hapo ndipo wazo likanijia.

Nikaenda nyumbani nikamwambia baba kuna shughuli kliniki, picha inazinduliwa, na yeye anaalikwa kama mgeni rasmi.

Akanikata jicho. "Mgeni rasmi wa nini?"

"Wewe ndiye mwenye uwanja."

Alijaribu kuficha furaha, ikamshinda. Alipiga pasi suruali yake mwenyewe.

Mpango wangu na daktari ulikuwa mwepesi. Baba atazindua picha, atapigiwa makofi, ataulizwa kama anapenda apigwe na yeye picha moja ya taya kwa mashine. Picha tu. Baba anapenda picha. Tukimwonyesha kilichoko chini ya jino, labda atalegea.

Siku ikafika. Baba amevaa koti, amenyoosha mgongo. Ukutani limetundikwa shuka jeupe. Kwenye viti kuna wagonjwa wawili: mama mmoja mwenye shavu lililovimba na kijana wa chuo aliyekuja kusafishwa meno.

Daktari akasema maneno mawili matatu kuhusu utulivu. Akavuta shuka.

Makofi.

Nyuki alikuwa mkubwa kama kochi. Kila kinyweleo kinaonekana. Jicho lake ukilitazama unaona vijisehemu vidogovidogo vilivyopangwa kama vigae. Nilisimama pale nikajiona mtu.

Baba akavaa miwani, akasogea karibu. Akaanzia kwenye bawa, akaja kichwani, akashuka chini. Akasimama. Akainama, kama anavyoinama kuangalia mpira umevuka mstari au la.



"Nyuki ana miguu mingapi?" akauliza.

"Sita, Baba."

"Sita nimeiona. Hii mingine ya nani?"

Nikasogea.

Kwenye simu, chini ya nyuki palikuwa na petali mbili zilizojikunja. Ukutani, petali hizo zilikuwa na magoti. Zilikuwa na kucha. Zilikuwa zimemkumbatia nyuki kutoka chini. Nikazifuata kwa macho taratibu mpaka chini ya kidevu chake. Pale palikuwa na kichwa kidogo chenye njano ileile ya ua.

"Ni petali," nikasema.

"Petali haina macho," akasema baba.

Alikuwa sahihi. Kilikuwa na macho meusi, tena kadhaa, yamejipanga yanatutazama chumba kizima. Na mdomo wake ulikuwa umezama kwenye shingo ya nyuki.

Ni buibui. Baadaye nilisoma habari zake. Hafumi utando. Anakaa kwenye ua, anachukua rangi ya ua, anasubiri. Nyuki akija kutafuta chakula anamkamata shingoni na kumtia sumu. Kisha anamla polepole, na nyuki anabaki amekaa vilevile, mabawa yamepangwa vizuri.

Kwa hiyo nyuki hakuwa amelala. Alikuwa amekufa kabla sijapiga magoti. Mimi nikamwambia haitauma.

"Kwani pale anafanywa nini?" akauliza yule mama mwenye shavu.

"Anachomwa sindano," akajibu kijana wa chuo. "Ya shingo."

Akasimama, akasema amekumbuka ana kipindi, akaondoka.

"Sindano zetu sisi ni za fizi," daktari akamwambia yule mama. Haikusaidia. Mama alihamia kiti cha karibu na mlango.

Mimi sikuwa na habari nao. Nilikuwa namtazama baba. Nilijua imekula kwangu. Mtu anayeogopa sindano nimemleta mwenyewe, kwa mwaliko, nikamsimamisha mbele ya sindano kubwa kuliko yeye. Nikaangalia mfuko wake wa shati nikingoja mkono upande.

Haukupanda.

"Ulikuwa umbali gani?" akaniuliza.

Nikaonyesha kiganja. "Hapa."

"Muda gani?"

"Karibu nusu saa."

"Na hukuona."

"Sikuona, Baba." "Nilipenda alivyotulia. Sikutaka kutafuta jambo."

Baba akarudi kuitazama picha. Nikamwona anasukuma ulimi ndani ya shavu la kushoto, anapagusa pale, anaacha, anapagusa tena. Taya ilikuwa imejaa kweli. Kwenye mwanga wa pale ilionekana kuliko nyumbani.

"Na mimi nilipenda lilivyotulia," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo sana, sidhani kama daktari alisikia. Mimi nilisikia.

Kisha akavua koti, akanipa nilishike.

"Daktari. Hiyo mashine yako ya kuona ndani, inachukua muda?"

Haikuchukua muda. Kwenye kioo lilionekana gego, na chini ya mzizi wake doa jeusi la duara, limekaa pale kama lina hati ya kiwanja. Baba akalitazama weee.

"Ndilo hilo linalokula?"

"Ndilo, mzee."

"Mbona limetulia?"

"Limetulia sana," akasema daktari. "Ndiyo maana nina haraka."

Akakaa kwenye kiti. Nikamfunga karatasi kifuani. Mkono mmoja nilishika bomba, wa pili nilishika wake, jambo ambalo haliruhusiwi kazini kwetu, na daktari akajifanya haoni.

Sindano ikatoka. Baba akafumba macho, akaubana mkono wangu, basi. Ikaingia, ikatoka. Tukasubiri ganzi ishike.

Na hapo ndipo nilipojiaibisha.

Alikuwa ametulia mno. Macho yamefumbwa, mikono imelegea, sioni kifua kikipanda. Nikamtazama. Nikamtazama tena. Picha ya ukutani ikanijia kichwani, magoti yote yale.

"Baba!"

Nilimtikisa kwa nguvu, bomba likampiga puani. Trei ikalia. Daktari akaruka.

Baba akafungua jicho moja.

"Hini?" akauliza, kwa kuwa mdomo nusu ulikuwa na ganzi.

"Umetulia sana!"

"Hi ndihyo mlihyotaka?"

Daktari akaniambia nikae pembeni ninywe maji. Nikakaa. Nikalia tena, safari hii mbele ya watu, na baba akawa ananipapasa kichwa kwa mkono mmoja huku anang'olewa jino.

Jino lilitoka, na kilichokuwa chini yake kikatoka. Sitaeleza, huenda mnakula. Daktari alinivuta nje akaniambia angechelewa kidogo tu ingekuwa ni kulazwa, na pengine hata kulazwa kusingetosha. Leo nisingekuwa nawaandikia kwa utani.

Baba yupo. Taya imerudi. Anatafuna pande zote na anawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyegundua buibui, jambo ambalo ni kweli na nimechoka kulisikia.

Mtandaoni nilirekebisha. Niliandika: "Samahanini, nyuki hakuwa amelala, alikuwa amekufa." Yule aliyechukua likizo akaniuliza sasa arudi kazini au vipi.

Picha bado iko ukutani kwa sababu ilibandikwa kwa gundi na kuitoa ni kubomoa plasta. Daktari alijaribu kumziba buibui kwa rafu ya majarida, kisha akaiondoa. Siku hizi ana matumizi na picha ile. Mgonjwa akija akasema, "Daktari, liliacha lenyewe, nimekuja tu kwa sababu mke wangu ananisumbua," anampeleka mbele ya ukuta na kumwambia asogee karibu.

Wengi hawatoroki. Wanakaa.

Mimi nilichojifunza ni kidogo, na nawaachia kama kilivyo. Mtu wako akikuambia maumivu yameisha, usimpongeze kwanza. Muulize yameishaje, halafu mwambie afungue mdomo.